Sinema humpenda sista anayetoka

Jumapili ya Mchungaji Mwema, siku Kanisa linapoombea miito, parokia nyingi za Dodoma huwasimamisha masista mbele ya vijana wajieleze na kuulizwa maswali. Maswali hayabadiliki sana. Ukitaka kutoka wanakuruhusu? Nyumbani walikulazimisha? Au ulitendwa na mwanamume ukakata tamaa? Anayeuliza huenda alifundishwa chekechea na masista, na akiumwa amepimwa na sista pale hospitali ya St. Gemma, Miyuji. Lakini picha ya utawa aliyo nayo kichwani haikutoka huko. Imetoka kwenye filamu.

Tazama zile zilizopata watazamaji wengi. The Nun's Story ya 1959 inamfuata Sista Luke, nesi Mbelgiji aliyetumwa Kongo, na inaishia pale anapovua shela na kutoka. The Sound of Music ya 1965, iliyobeba Oscar 5, inamtoa Maria katika monasteri ya Nonnberg na kumwoza kwa baba wa watoto aliotumwa kuwalea. The Magdalene Sisters ya 2002 ni hadithi ya mabinti wanaotafuta upenyo wa kutoroka. Ilipofika 2018, The Nun haikuhitaji hata kutoka: shela lenyewe limekuwa vazi la pepo, na filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 360. Ukiitazama kwenye kibanda, mtafsiri akikuzidishia vitisho kwa Kiswahili, unaondoka ukiwa umejifunza kwamba sista ni mtu wa kukimbiwa. Kati ya filamu hizi iko kazi nzuri sana, na Audrey Hepburn katika ile ya kwanza anamheshimu mtawa anayemwigiza kuliko waigizaji wengi waliomfuata. Lakini ukiziweka pamoja, mlango wa konventi una kazi moja tu, kupitisha mtu anayetoka.

Filamu hizi zina watetezi, na hoja yao ina uzito. Nyumba za kufulia za Magdalena, nchini Ireland, ziliendeshwa na masista, na wanawake kama 10,000 walipitia humo kati ya 1922 na 1996, ilipofungwa ya mwisho. Walifua bila mshahara. Wengine walipelekwa kwa kuwa walipata mimba, wengine kwa kuwa walibakwa, wengine kwa kuwa hawakuwa na mtu. Serikali ya Ireland iliomba radhi Februari 2013. The Magdalene Sisters, filamu ya Peter Mullan, ilikuwa imekwisha kusema miaka kumi na moja nyuma. Mkatoliki anayekasirishwa na filamu ile ajiulize kwanza wale mabinti wangesemewa na nani.

Hata hivyo, mabinti wale hawakuwa masista, na hapa ndipo mtazamaji wa mbali hupotea. Wengi hawakuomba kuingia, hawakulelewa kwa ajili ya nadhiri, hawakuweka nadhiri. Baba, padre au ofisi ya serikali iliwapeleka. Kilichofanywa pale kilikuwa kosa kwa sababu hiari haikuwepo. Ukiisoma vizuri, filamu ile inashuhudia kwamba hakuna mwanamke anayepaswa kuishi nyuma ya ukuta ambao hakuuchagua, na hilohilo ndilo sheria ya Kanisa inalodai kwa kila anayeomba utawa. Tatizo ni kwamba wanaochagua wenyewe nao wanatazamwa kwa jicho lile la kuhurumia wafungwa.

Tuhesabu. Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 643, hazimpokei katika unovisi, yaani kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri, aliye chini ya miaka 17, wala anayeingia kwa kulazimishwa. Unovisi wenyewe haupungui miezi 12. Kisha nadhiri za muda: si chini ya miaka 3, na zinaweza kurefushwa hadi jumla ya miaka 9. Novisi anaweza kufunga begi siku yoyote. Mwenye nadhiri za muda, muda ukiisha, anaweza kwenda zake. Nadhiri za daima ni batili kama mhusika hajatimiza miaka 21, na ni batili pia kama zilitolewa kwa nguvu, kwa woga mkubwa au kwa hila. Kwa watawa wa ndani, wanaoishi monasterini bila kutoka, maelekezo ya Vatican ya 2018 yanataka malezi yasiyopungua miaka 9. Kwa masista wengine sijahesabu uaspiranti na upostulanti, hatua za kabla ya unovisi, ambazo kwa mashirika yetu huongeza miaka mingine.

Hiyo 21 hainitoki akilini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla. Siku 21, na vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyohiyo viliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, baba akikubali. Mahakama Kuu ilivitangaza kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikashikilia uamuzi huo Oktoba 2019. Haya si mambo ya mbali na sisi. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2010 uliiweka Dodoma miongoni mwa mikoa minne iliyoongoza: asilimia 51 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha 18. Nusu ya mabinti, katika mkoa ambao sista hawezi kufunga nadhiri za daima kabla ya miaka 21 hata akilia na kuomba. Na bado swali la kulazimishwa anaulizwa sista. Hakuna anayemsimamisha bi harusi ukumbini na kumuuliza kama akitaka kutoka ataruhusiwa.

Filamu za Ulaya zinabeba pia kumbukumbu ambayo si yetu. Kwa karne nyingi, katika nchi kama Italia na Ufaransa, baba ndiye aliyelipa ili binti yake aolewe, na kumpeleka monasteri kuligharimu kidogo kuliko kumwoza. Kwa hiyo mabinti wengi walisukumwa ndani, na hadithi za huko zimejaa baba wa namna hiyo. Ugogo mambo yako kinyume. Mahari ni ng'ombe wanaokuja, na ng'ombe wa dada ndio waliomwezesha kaka naye kuoa. Binti anayesema anakwenda utawani analigusa zizi la nyumba nzima. Ndiyo maana katika familia nyingi za huku shinikizo humvuta arudi: baba anayenuna, shangazi anayetumwa kumshawishi, kikao cha ukoo kinachouliza nani amemdanganya mtoto. Vijijini Bahi na Chamwino si ajabu kukuta sista ambaye baba yake alichukua miaka kabla ya kukubali kukaa naye meza moja. Mwanamke huyu ameshinda vita ambayo sinema ingeipenda kama angekuwa anapigania kitu kingine: biashara, masomo, mchumba wa kabila lisilotakiwa. Akipigania nadhiri, kamera haimwoni.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Dodoma wanalo karibu na hawalisemi. Shirika la Masista wa Mtakatifu Gemma Galgani limechukua jina la mwanamke ambaye hakuwahi kuwa sista. Gemma, mzaliwa wa viunga vya Lucca mwaka 1878, aliomba kuingia kwa masista wa shirika la Wapasionisti akakataliwa, afya yake ikiwa mbaya. Alifariki mwaka 1903 akiwa na miaka 25, bado nje ya mlango. Wapasionisti wa Italia waliofanya umisionari katika jimbo hili ndio waliokuja na heshima yake. Mlango wa utawa, tangu mwanzo wa hadithi hii ya kwetu, ni mlango ambao mtu anaubisha na anaweza kuambiwa hapana. Mashirika hukataa watu. Huwaambia waaspiranti warudi nyumbani, huwaahirishia manovisi. Filamu ya mwanamke aliyekataliwa kuingia ingekuwa na machozi ya kutosha.

Watu wa filamu hujibu kwamba hadithi inahitaji badiliko, na anayebaki habadiliki. Nilikuwa naiona hoja hii kuwa na nguvu mpaka nilipoitazama Des hommes et des dieux, filamu ya Kifaransa ya 2010. Inahusu watawa wanaume 7 wa Tibhirine, Algeria, waliotekwa mwaka 1996 na kuuawa. Moyo wa filamu hiyo ni vikao vya mezani: tuondoke au tubaki? Mara ya kwanza wanagawanyika, mmoja anasema hakuja huko kujiua. Baadaye, mmoja mmoja, wanachagua kubaki. Cannes waliipa tuzo kubwa ya pili. Kumbe kubaki kunaweza kuwa tukio, na tukio lenye kusimamisha pumzi.

Nauliza basi: kwa nini mwanamume akibaki sinema humwona shujaa, na mwanamke akibaki humwona amefungiwa? Upendeleo huu wanautumia hata watu wanaojiita watetezi wa wanawake. Wanasema wanampigania mwanamke awe na uamuzi wake, kisha uamuzi wake mmoja wanakataa kuuamini. Wachache wameruka mtego huo. Dead Man Walking ya 1995 inamwonyesha Sista Helen Prejean akisindikiza mtu aliyehukumiwa kifo, na filamu haigeuzi kutoolewa kwake kuwa hadithi yenyewe. Ida ya 2013, kutoka Poland, inafanya zaidi. Mama mkuu mwenyewe anamtoa novisi akamwone ndugu yake pekee aliye hai kabla ya nadhiri. Binti anaiona dunia, anavaa viatu virefu, analala na kijana mpiga muziki anayemwahidi ndoa, watoto na nyumba, na kila ahadi anamuuliza: halafu? Asubuhi anavaa mavazi yake ya konventi na kuondoka kwa miguu. Mwongozaji hatuelezi kila kitu, lakini hajamdharau.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko hizo za filamu za kutisha, nayo inahusu maisha baada ya mlango. Uhuru ulioandikwa kwenye kanuni hauishi wenyewe ndani ya nyumba. Nadhiri ya utii ikiangukia mikononi mwa kiongozi mbaya inageuka fimbo, na Papa Fransisko alikiri hadharani Februari 2019, akitoka Abu Dhabi, kwamba wapo mapadre na maaskofu waliowadhulumu masista kingono. Kanuni ya 702 inasema anayeondoka hawezi kudai malipo kwa kazi aliyofanya, ingawa inalitaka shirika limtendee kwa haki na upendo. Mwanamke wa miaka 40 aliyefundisha miaka 15 anarudi kijijini bila akiba, na kijiji kinamwangalia kama aliyeshindwa. Kutoka kwa namna hiyo kunaruhusiwa na sheria, lakini gharama yake inaweza kumbakiza mtu asiyetaka tena kubaki. Hapa filamu za kutoka zina jambo la kutufundisha, na The Nun's Story ililiona mapema: Sista Luke anapoondoka hakuna anayemsindikiza.

Mashirika nayo yana sehemu yao. Philip Gröning aliomba mwaka 1984 kupiga picha katika monasteri ya Grande Chartreuse, Ufaransa. Jibu la kukubaliwa lilimfikia miaka kama 16 baadaye, na filamu yake ya 2005, karibu saa tatu zisizo na maneno mengi, imewaeleza watu utawa kuliko mahubiri mengi. Huku kwetu kamera huitwa siku ya nadhiri na siku ya jubilei. Tunapata maandamano, vigelegele, keki, zawadi za mbuzi na kanga, kwaya. Kwa hiyo sinema imepiga picha ya kutoka, sisi tumepiga picha ya kuingia, na miaka iliyo katikati haina anayeionyesha: zamu ya usiku wodini, ugomvi wa jikoni na maridhiano yake, kisima kilichokauka Septemba, sista anayesahihisha madaftari akiwa na malaria.

Katika nyumba za jimbo hili, hivi sasa, yupo sista anayekaribia mwisho wa nadhiri zake za muda. Mwakani ataandika barua ya kuomba nadhiri za daima, au hataiandika. Mwandishi wa filamu wa Dodoma ana hapo kila anachohitaji: muda unaohesabika, uamuzi ambao hakuna wa kumfanyia, baba mwenye maoni yake kuhusu ng'ombe, na pande mbili zenye haki ya kukataa, yeye na shirika lake.