Safari hii atumwe mwenye beleshi

Mvua ikinyesha Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, sisi wa chini tunajua kitakachopita mlangoni baada ya muda mfupi: sashe, chupa za maji, maganda ya ndizi, kandambili moja isiyo na mwenzake. Vyote hufuata rigoli hadi mto Kawa, Kawa unavimwaga ziwani, na kwa kuwa ziwa Kivu lina njia moja tu ya kutokea, mwisho wa safari ni mto Ruzizi. Huko liko bwawa la Ruzizi I, linalotupa umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na plastiki inaziba mitambo yake. Chupa niliyoitupa Jumatatu inaweza kunirudia Ijumaa ikiwa delestaji, yaani umeme kukatwa. Msimu mmoja wa mvua mtaa wetu ulikaa gizani siku tatu mfululizo, na jirani yangu, mama anayeuza samaki wa friza, alimwaga karibu mzigo wake wote. Nilimsaidia kubeba ndoo. Tangu siku hiyo suala la taka limekuwa langu.

Serikali zikikaa kuzungumzia ushirikiano wa taka, mara nyingi kinachotajwa kwanza ni malori. Lori litafanya nini kwenye ngazi za udongo za Kadutu, mahali hata mgonjwa anashushwa mgongoni? Tunachohitaji zaidi ni ufundi, na ufundi unakaa kwa mtu.

Chukua mfano wa Fukuoka, Japani. Miaka ya 1970 chuo kikuu cha huko na jiji lenyewe walibuni namna ya kupanga jalala isiyodai mashine ghali. Chini ya taka hulazwa mabomba yenye matundu, yakazungushiwa mawe. Maji machafu yanayochuruzika ndani ya rundo hutoka upesi, na hewa huingia kwa mabomba hayohayo. Taka zikipata hewa huoza haraka, gesi ya methani inapungua, na rundo halikai limelowa.

Hilo la kulowa ndilo linaloninyima usingizi. Machi 2017 jalala la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka likaua watu zaidi ya 110. Februari mwaka uliofuata, baada ya mvua kubwa, ikawa Hulene, Maputo. Agosti 2024 ikawa Kiteezi, Kampala. Sisi wa Bukavu hatuhitaji kuelezwa mlima unavyoondoka na nyumba usiku. Kurundika taka kwenye miteremko hii bila kuzitafutia maji njia ya kutokea ni kujitengenezea mlima mwingine wa kutuangukia.

Baada ya msiba, Koshe ilirekebishwa kwa njia hiyo ya Fukuoka, Wajapani wakisaidia. Kwa hiyo Afrika hii hii wapo watu waliowahi kulaza mabomba hayo. Mwethiopia aliyefanya kazi hiyo kwenye jiji la milima na mvua kubwa ana mengi ya kutuambia, pengine kuliko mtaalamu aliyezoea jiji ambalo kila nyumba inafikiwa na barabara. Mwaka 2017 huko Maputo lilianzishwa Jukwaa la Miji Safi Afrika, la nchi na miji kubadilishana ujuzi wa taka, Japani ikiwa miongoni mwa waanzilishi. Mlango upo. Ninachodai ni kwamba wanaoupita wasiwe wakurugenzi peke yao.

Sheria nazo zina ufundi wake. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Kongo pia ina dekreti ya Desemba 2017, lakini nenda soko la Kadutu ununue sombe (majani ya muhogo), uone utafungiwa ndani ya nini. Ningependa tupelekewe mkaguzi wa soko kutoka Dar es Salaam, aeleze muuzaji mdogo alipewa mfuko gani badala ya ule, kwa bei gani, na nani alianza kubanwa, mwenye kiwanda au mama wa mboga.

Najua wapo watakaokasirika nikitaja ushirikiano na majirani wakati huu, na sitamwambia mtu aliyefiwa na watu wake asahau. Lakini Ruzizi II, kituo kingine cha umeme kwenye mto huohuo, ni mali ya Kongo, Rwanda na Burundi tangu mwaka 1989, na vita vyote tulivyopitia havijaufuta umiliki huo. Kama nchi tatu zinaweza kugawana umeme wa mto, zinaweza kukubaliana nani anazuia chupa wapi kabla hazijafika mtoni.

Siku karatasi za ushirikiano huo zitakaposainiwa, orodha ya wasafiri ianze na vijana wanaoopoa plastiki kule bwawani kwa mitumbwi, na akina mama wa Kadutu wanaotenga maganda ya kulishia nguruwe. Wakae Addis mwezi mzima, jalalani, wakiwa na mkalimani wa Kiswahili.