Kile kipimo cha unyevu cha kubandika kwenye kioo ni pambo

Baridi iliyopita, hapa Minneapolis, chatu wa mwanangu alijivua gamba vipande vipande. (Watanzania msicheke, sizungumzii siasa za 2011, CCM ilipotangaza "kujivua gamba".) Nyoka mzima wa afya hulivua lote kwa mkupuo, kama soksi iliyopinduliwa. Huyu alibaki na viraka mgongoni, na ile ngozi nyembamba ya juu ya jicho ikagoma kutoka upande mmoja. Hiyo huwa dalili ya hewa kavu, basi nikatazama kipimo cha mshale kilichobandikwa kwenye kioo cha tangi lake: unyevu asilimia 60. Safi kabisa! Nikanunua cha kidijitali chenye waya, ncha yake nikaipenyeza ndani ya kijumba anamojificha. 31.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na vile vya mshale, na maduka yanayoviuza pamoja na tangi kana kwamba kazi imekwisha. Hata kingekuwa kinasema kweli, kilikuwa juu karibu na mfuniko, na nyoka anaishi chini. Chatu hawa wadogo wanaojikunja kama mpira wakiogopa asili yao ni Ghana, Togo, Benin na majirani zao, na huko hushinda kwenye mashimo ya panya na vichuguu. Basi pima pale tumbo lake linapolala.

Halafu kuna wanaouliza "unyevu wako asilimia ngapi?" bila kutaja joto. Hewa ile ile ukiipasha, namba inashuka ingawa hakuna tone lililotoka. Kwetu upande wa moto, nyuzi 32, husoma 48. Upande wa baridi, nyuzi 26, husoma 68. Mwenye kipimo kimoja akiona 48 anakimbilia chupa ya kunyunyizia, analowesha mpaka sakafu inatota, na nyoka anaishia na vidonda kwenye ngozi ya tumbo au kifua kinachokoroma. Nunua viwili, kimoja kila upande. Na mkeka wa umeme wa kupasha joto usiuwashe bila themostati, kile kifaa kinachodhibiti joto lisizidi. Hapo sina mjadala: nyoka anaweza kulalia kitu kinachomuunguza asiondoke.

Dawa ya ukavu wetu ilikuwa makumbi. Ndiyo, makumbi ya nazi, yaliyosagwa na kugandamizwa kama tofali, ya kutandaza sakafuni mwa tangi. Mama yuko Tanga, nilipomtajia bei kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Makumbi, mwanangu? Kwa dola?" Namwaga maji pembeni yazame chini, juu pabaki pakavu, na sehemu kubwa ya wavu wa mfuniko nimeiziba, maana hita ya nyumba wakati wa theluji hukausha kila kitu, midomo yetu ikiwemo. Gamba lililofuata lilitoka zima, na macho yake yote mawili.

Vipimo vipya navyo sikuviamini hivi hivi. Unaweka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, unadondoshea maji kidogo iwe kama uji mzito, unafungia pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, unaacha usiku kucha. Kikiwa kizima kitasoma 75 au karibu na hapo. Vyangu vilisoma 74 na 77. Cha mshale nacho nikakijaribu: 60. Nikakishika juu ya sufuria ya wali unaochemka, mvuke unanipiga usoni. 60.