VJ aseme wapi, anyamaze wapi: "The Secret Garden" kibandani

Mtu akitaka kuwaonyesha watoto "The Secret Garden" ya 1993 katika kibanda cha video Uganda, jambo la kwanza la kuamua ni kama ataweka VJ, yule mtafsiri anayesema huku filamu ikiendelea, au ataiacha na Kiingereza chake. Filamu hiyo aliiongoza Agnieszka Holland kutokana na riwaya ya Frances Hodgson Burnett ya 1911. Ni ya mtindo wa gothiki, yaani hadithi za kutisha za majumba ya kale: Mary Lennox, yatima kutoka India, anafikishwa kwenye jumba la kale la Yorkshire, Uingereza, lenye vyumba vilivyofungwa, na usiku anasikia mtoto akilia nyuma ya kuta.

Wanaomtaka VJ wana hoja nzito. Kiingereza kina "aunt" na "uncle" tu, na hapo ndipo mtoto wetu anapotea. Katika riwaya, marehemu mke wa Archibald Craven mwenye jumba ni dada wa baba yake Mary, yaani shangazi, au ssenga kwa Kiganda. Filamu imebadilisha: mama yake Mary na mama yake Colin, mtoto mgonjwa wa Craven anayelia usiku, ni mapacha. Kwa hiyo marehemu ni mama mdogo, Craven ni baba mdogo, na Mary na Colin ni ndugu hasa. VJ mvivu husema "mjomba", neno lisilofaa katika riwaya wala katika filamu. VJ hodari akisema "mtoto wa mama mdogo", kibanda kizima kinaelewa kwa nini yule mgonjwa kitandani si mtu wa kumwacha alie peke yake. Hata kumwambia mtoto nani ni Babirye na nani ni Nakato (majina ya Kiganda ya pacha wa kike mkubwa na mdogo) kunamsogeza karibu na picha. Isitoshe, mtumishi Martha na mdogo wake Dickon wanaongea lahaja ya Yorkshire, ambayo hata mtoto anayesoma Kiingereza shuleni hataishika.

Ila VJ aangalie asitafsiri riwaya badala ya filamu. Kitabuni wazazi wa Mary wanakufa kwa kipindupindu. Kwenye filamu ni tetemeko la ardhi. Akitaja kipindupindu huku nyumba inatikisika, watoto hawatamwamini tena.

Wanaompinga wanatetea sauti, na hapa nawaunga mkono karibu kabisa. Hofu ya filamu hii haiko kwenye maneno. Iko kwenye upepo, mlio wa mlango, muziki wa Zbigniew Preisner na kile kilio cha mbali. Faili ya stirio imechanganya maneno na muziki, hivyo VJ akishusha sauti ili asikike, kilio nacho kinazama, na watoto wanabaki kusikiliza jenereta. Kosa la kawaida ni kuisahau sauti ikiwa chini baada ya sentensi kwisha. Airudishe taratibu, kwa sekunde 2 au 3, isiruke ghafla. Akipata nakala ya chaneli 6 na mikisa (kifaa cha kurekebisha sauti) inayozitenganisha, ashushe ile ya katikati peke yake, kwa kuwa ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Muziki ubaki ulivyo.

Kwangu mimi, VJ awepo, aeleze undugu mapema, kisha Mary anapoanza kufuata kilio azime maikrofoni mpaka amwone Colin. Mtoto aliyekwisha kuambiwa ni ndugu yake atasubiri mwenyewe.

Kuna na giza. Roger Deakins alipiga picha nyingi za ndani kwa mwanga hafifu, na tundu moja la bati linatosha kuzifuta ukutani. Wengi hukimbilia kuongeza mwangaza wa projekta, weusi ukageuka kijivu. Afadhali kupandisha gama kidogo (mpangilio wa projekta unaong'arisha sehemu za kati bila kugusa weusi) na kutundika kitambaa cheusi mlangoni. Filamu ina dakika 101. Ikianza saa moja na nusu usiku, jua limekwisha kuzama, na saa tatu na robo watoto wako njiani kwenda kwao.