Akwaponiki Dodoma: tunapima samaki, tunasahau mchicha

Ikitajwa akwaponiki hapa Dodoma, yaani kufuga samaki kwenye tangi na kuotesha mboga kwenye kokoto kwa maji yao hayohayo yanayozungushwa na pampu, majibu huwa yako tayari: ni ghali, inataka umeme, na mwenye bwawa la kuchimba anavua samaki wengi zaidi. Yote matatu ni kweli. Ila mfumo huu unapimwa kana kwamba nao ni bwawa, kwa kilo za samaki tu, ilhali nusu ya mavuno yake ni mchicha, chainizi na figiri zilizoota kwenye kokoto hizo.

Tuanze na maji, maana kwa Dodoma huwezi kuanza kwingine. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua karibu hakuna. Chukua bwawa la mita 10 kwa 20. Jua na upepo wa huku vikila milimita 6 tu kwa siku, na Oktoba vinaweza kuzidi, zimepaa lita 1,200. Ndoo 60. Hapo hujagusa yanayozama ardhini, na udongo wa kichanga hauna huruma. Kesho ndoo 60 nyingine, na perege anataka miezi sita au zaidi mpaka avuliwe. Anayenunua maji ya boza ajipigie mwenyewe.

Mfumo wa akwaponiki wa lita 3,000 hupoteza kama asilimia 1 hadi 3 kwa siku. Tuseme 3: lita 90, ndoo nne na nusu. Tusishangilie mapema, kwa sababu bwawa lile linabeba samaki 500 na kwenye mfumo huu wapo 100. Ukigawanya, kila samaki wa bwawani anagharimu lita 2.4 kwa siku, wa akwaponiki 0.9. Tofauti si kubwa kama wauzaji wa vifaa wanavyotangaza. Lakini ndani ya hiyo 0.9 mboga zimeshakunywa! Bustani ya mwenye bwawa bado inadai maji yake.

Na mbolea je? Bakteria walioshika kokoto hugeuza amonia ya samaki kuwa naitreti, chakula cha mmea. Kipimo cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ni gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani. Samaki 100 wakila gramu 450, mita 10 za mraba za mboga zimeshiba, tena kiangazi, wakati fungu la mchicha sokoni linasinyaa na bei iko palepale.

Umeme ndio hoja nzito. Samaki wakisongamana na pampu ikazima usiku, utawakuta wamepanda juu, midomo wazi, wanahema; ukichelewa wamekufa. Sola yenye betri inasaidia, na kupunguza samaki kunasaidia zaidi. Baridi ya Juni na Julai nayo hupoza tangi haraka kuliko bwawa, perege wakagoma kula, mboga zikakosa mbolea. Maji ya kisima chenye chumvi ni bora uyaache kabisa: yanazunguka, yanapaa, chumvi inabaki kwenye mizizi.

Kwa hiyo mwenye shamba bondeni kule Hombolo, lenye mfinyanzi unaoshika maji, achimbe bwawa lake. Mwenye kiwanja Nkuhungu au Ilazo, anayelipia kila uniti ya bomba, apige hesabu ya mboga kwanza, kisha ndipo aamue idadi ya samaki wa kuzilisha.