Mwisho wa reli, mwisho wa mkongo

Juzi faiba, mkongo wa nyuzi za kioo unaotuletea intaneti kwa mwanga, ilikatika saa nne asubuhi, foleni ya waombaji mikopo ya chuo ikiwa imefika baraza la jirani. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Mama mmoja aliyemsindikiza bintiye kutoka Ujiji akaniuliza, "Mwanangu, huu mtandao wenu unatoka Dar kwa treni?"

Nikacheka, halafu nikapiga hesabu. Mwanga ndani ya kioo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa reli, Dar mpaka hapa ni kama kilomita 1,250. Kwenda na kurudi hata milisekunde 13 hazitimii. Jicho hupepesa polepole kuliko hapo. Kwa hiyo tukitangaziwa kasi mpya kila mara, mimi nashangaa. Nani alilalamikia kasi?

Tunachoogopa ni greda la barabara kuukata mkongo. Uzi wa faiba una unene wa mikroni 125 (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja), na njia ya mwanga katikati yake ni mikroni 9 hivi. Ukikatika, fundi hurusha mwanga kutoka upande mmoja, akapima unavyorudi, akajua umekatika kilomita ya ngapi. Kisha huyeyusha ncha mbili kwa cheche ya umeme zikashikana. Kuunga uzi mmoja ni suala la dakika. Kufika penyewe wakati wa masika, hilo ni suala jingine.

Ndiyo maana nasema tupewe njia ya pili, inayopita kwingine kabisa, ili huku kukikatika ruta zigeuzie data kule. Nyaya mbili ndani ya mtaro mmoja, mbele ya greda, ni waya mmoja tu.

Na sava ya akiba, yaani kompyuta inayotunza nakala za vinavyotazamwa sana, iwekwe hapahapa. Vijana kumi wakitazama goli lilelile, goli linasafirishwa kutoka mbali mara kumi. Makampuni makubwa ya video huweka sava za namna hiyo ndani ya mitandao ya watoa huduma. Si lazima lijengwe jumba, kabati moja lenye ubaridi na umeme usiotetereka linaweza kutosha. (Hapo kwenye umeme najua mtaguna.) Fomu ya mkopo haitaokolewa na akiba, maana lazima iwafikie wenyewe wanaotoa mikopo, huko waliko. Hiyo inangoja njia ya pili.

Mtandao ulirudi saa kumi jioni. Yule mama na bintiye walikuwa wameshapanda hiace ya Ujiji.