Kukoleza si kueleza

Wiki iliyopita nilipokea kazi iliyoonekana ya nusu saa. Programu ya kutunza hesabu ya dawa na chanjo kwenye zahanati imefanyiwa marekebisho: kitufe cha mwisho wa mwezi kilichokuwa kinaitwa Funga sasa kinaitwa Kamilisha. Mwongozo una kurasa 140. "Badilisha tu hilo jina, dada, uturudishie kesho," waliniandikia. Ilinichukua siku tatu, na hasira haijaniisha.

Katika mwongozo ule kila chenye umuhimu kimekolezwa, yaani kimewekwa herufi nene nyeusi. Jina la kitufe limekolezwa, jina la faili limekolezwa, onyo limekolezwa, na hata neno ambalo mwandishi alitaka tu kulitilia mkazo. Sasa hesabu neno "funga": kuna Funga ya kitufe, kuna funga ya boksi la sindano zilizotumika, na kuna ile ya onyo, "Funga mlango wa jokofu mara moja." Zote nyeusi vilevile. Aliyewahi kushika chanjo anajua kwamba jokofu lile linatakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ukiiambia kompyuta ibadilishe kila Funga iliyokolezwa, inamwandikia muuguzi "Kamilisha mlango wa jokofu." Basi nikapita neno kwa neno, nikikisia kitu ambacho mwandishi wa kwanza alikijua vizuri kabisa.

Hapo ndipo panaponiuma. Alikijua! Alipokuwa anakoleza lile neno, kichwani mwake lilikuwa ni kitufe, wala hakuwa na shaka. Lakini hakuandika kwamba ni kitufe, aliandika kwamba ni jeusi. Ujuzi wake ukapotea palepale, na kila anayekuja nyuma yake, awe mfasiri au mhariri, inabidi auokote upya kwa macho.

Na kwetu sisi tunaoandika Kiswahili balaa ni kubwa zaidi, kwa sababu vitufe vyetu karibu vyote ni vitenzi vya kuamuru: Funga, Futa, Hifadhi, Rudi, Tuma. Mwongozo nao ni amri mwanzo hadi mwisho. "Bonyeza Hifadhi kisha hifadhi nakala kwenye flashi": mle mna hifadhi mbili, na moja tu ndiyo iliyoko kwenye skrini.

Wala dawa si ya jana. Mwaka 1969 pale IBM, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walianza kuyawekea maandishi alama zinazosema kitu ni nini, na suala la kitaonekanaje likaachwa liamuliwe baadaye. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa SGML, lugha ya alama za namna hiyo iliyokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, kisha XML, mdogo wake aliye mwepesi zaidi, mwaka 1998. DocBook, mfumo wa alama za kuandikia miongozo ya kiufundi, ina tagi (yaani alama) ya "guibutton" kwa ajili ya kitufe, "filename" kwa ajili ya faili na "warning" kwa ajili ya onyo. DITA, mfumo mwingine wa aina hiyo, nayo ina "uicontrol" kwa ajili ya vitufe na vitu kama hivyo vya kwenye skrini. Kwa hiyo hakuna anayetudai uvumbuzi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwa watu wa OpenBSD, mfumo endeshi wa kompyuta wa ukoo wa Unix. Kurasa za mwongozo za mtindo wa zamani wa Unix zilijua fonti tu: .B ni kukoleza, .I ni mlazo. Wao wanatumia mdoc, seti ya alama ambamo .Fl ni swichi ya amri, .Ar ni kile unachoipa amri, .Ev ni kigezo cha mazingira, yaani thamani yenye jina ambayo programu huikuta imewekwa tayari. Kwa kuwa maana imeandikwa, unaweza kuuliza kwa maana. Tumia apropos, amri ya kutafuta kurasa za mwongozo: andika apropos Ev=HOME, na unaletewa kurasa zinazoitaja HOME kama kigezo cha mazingira, si kila ukurasa wenye neno "home". Huo ni mwongozo unaojua kilichomo ndani yake.

Nakubali, DocBook ina tagi mamia, na kumkabidhi mhudumu wa afya anayeandika maelekezo ya ukurasa mmoja ni kumtesa. Markdown, yenye alama chache tu nyepesi, inamtosha. Lakini kurasa 140 zinazorekebishwa kila toleo jipya ni jambo jingine, na hapo kisingizio cha gharama sikipokei. Asciidoctor, programu inayogeuza maandishi yenye alama kuwa mwongozo, inakubali btn:[Funga] ukiwasha mpangilio mmoja tu. Hata Word, hiyohiyo iliyopo kwenye kila ofisi, inakuruhusu kuunda staili ya herufi ukaiita "Kitufe". Ni dakika mbili.

Ndivyo nilivyofanya. Kila kitufe nilichokithibitisha nilikipa staili hiyo, faili zikapata yake na maonyo yakapata yake. Nilipoirudisha kazi, mama anayesimamia mradi alinipigia simu akiwa ameshangaa: kurasa zinaonekana vilevile, siku tatu zimekwenda wapi? Nikamwomba aifungue faili, aende kwenye staili ya Kitufe, achague maneno yote yenye staili hiyo. Kimya kidogo. Kisha akaanza kunisomea yaliyowaka: Kamilisha, Hifadhi, Rudi, Kamilisha. Nikamwomba ashuke hadi kwenye onyo la jokofu, aniambie kama "Funga" imewaka.

"Hapana," akasema. "Hii haijawaka."