Fungate ya Kisukari

Siku ya majibu ya kisukari, mtoto yuko salama kuliko mzazi anavyodhani. Yuko wodini, dripu inatembea, muuguzi anatoboa kidole kila saa, na shangazi kaleta uji kwenye chupa ya chai. Siku ya kuogopa iko mbele, wiki kadhaa baada ya kuruhusiwa: mtoto karudisha mwili, anakimbiza mpira, mashine ya sukari inasoma 5 au 6 (kwa kipimo cha mmol/L) kila asubuhi, na mtu mmoja pale nyumbani anauliza, kwa nia njema kabisa, "Huyu si ameshapona?"

Ninaongelea kisukari aina ya kwanza, ambapo kongosho la mtoto linaacha kutengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Wengi hukijua kwa kuchelewa. Mtoto anakojoa usiku kucha, kiu haikatiki, anakonda huku anakula, na sisimizi wanajaa pale alipokojoa. Akianza kutapika na kuhema kwa nguvu, anatibiwa malaria au nimonia kwanza. Kupima sukari kwenye kidole ni jambo la sekunde chache. Mtoto anayehema hivyo apimwe tu, hata kama malaria imeonekana.

Sasa hicho kipindi cha "amepona" kina jina: fungate. Ya harusi ni siku saba. Hii yaweza kukaa miezi, hata kupita mwaka, na wapo watoto wasioipata kabisa. Siku kisukari kinapogundulika, seli zinazotengeneza insulini huwa hazijafa zote. Zilizobaki zimelemewa na sukari nyingi hadi zimezimia. Sindano zikianza, zinapata pumzi na kurudi kazini. Mtoto aliyekuwa akichomwa uniti 20 kwa siku anatosheka na 8, ukizidisha sukari inamshuka. Lakini kinga ya mwili iliyoanza kuziua seli zile haijaacha kazi yake. Inamalizia polepole.

Na fungate haiji peke yake. Inakuja wakati bibi ameleta dawa ya mizizi, au kanisani wamefunga siku tatu, au msikitini imesomwa dua. Namba zinashuka, kila mtu anaona kwa macho yake, sindano zinawekwa kabatini. Wiki kadhaa zinapita salama. Kisha inaingia homa au malaria, mwili unataka insulini zaidi, kongosho halina tena. Ndani ya siku moja au mbili mtoto anatapika, tumbo linauma, anahema kama aliyepanda mlima, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva mno. Hapo hata saa moja ya kusubiri gari ni nyingi.

Kwa maoni yangu, lawama hapa si ya bibi. Familia inaruhusiwa na chupa ya insulini, ratiba ya sindano na orodha ya vyakula, bila mtu kuwaambia: "Itafika siku mtaona amepona, siku hiyo tupigieni simu." Sentensi hiyo isemwe siku ya kutoka, mbele ya baba, bibi na dada wa kazi, maana mama peke yake hawezi kushindana na ukoo mzima miezi mitatu baadaye akiwa na namba nzuri mkononi. Ukitabiri jambo kabla halijatokea, likitokea wanakuamini wewe. Omba, funga, soma dua, na uchome sindano. Dozi inapunguzwa na kliniki, hata ibaki uniti 2, ila haifiki sifuri.

Anayeamini kwamba mlo pekee utatosha akumbuke hali ilivyokuwa kabla ya Januari 1922, mwezi ambao kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa insulini kule Toronto. Kabla ya hapo madaktari waliwalisha watoto hawa chakula kidogo mno, karibu na njaa yenyewe. Walichopata ni kusogeza kifo mbele kidogo.

Yapo pia makosa yanayofanya insulini ionekane haifanyi kazi. Ile yenye ukungu isitikiswe. Iviringishwe taratibu kati ya viganja kama mara 20, la sivyo leo utachoma maji, kesho utachoma dawa tupu. Bomba la sindano lilingane na chupa: ukitumia bomba lililopimwa kwa insulini ya uniti 40 kwa mililita kuvuta ile ya uniti 100, mtoto anapata mara mbili na nusu ya dozi. Sehemu ya kuchoma isogezwe kila siku, upana wa kidole kutoka ya jana. Watoto hupenda kurudia palepale kwa sababu pamekufa ganzi, panaota kinundu, na kinundu kinanyonya dawa kwa kusuasua. Kabla ya kupandisha dozi, pitisha mkono pajani na tumboni.

Chupa iliyofunguliwa ina siku 28. Andika tarehe kwenye plasta uibandike. Kwenye friji ikae mbali na barafu, kwani iliyoganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka. Pasipo friji, weka chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, kitambaa chenye unyevu juu, kivulini penye upepo. Dodoma au Turkana kinapoza vizuri. Tanga na Mombasa, hewa ikiwa nzito kwa unyevunyevu, usikitegemee sana.

Sukari ikishuka chini ya 4, mtoto anatetemeka, anatoka jasho, anakuwa mkali bila sababu: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, subiri dakika 15, pima tena, rudia kama haijapanda, halafu ale. Kama amezimia, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Mwalimu wa darasa ajue hili kabla ya shule kufunguliwa.

Akiumwa na asipokula, insulini haikatwi. Kiasi kinaweza kubadilika, hivyo piga simu, mpime kila baada ya saa mbili hadi nne, maji kwa wingi. Akitapika mfululizo, nendeni.

Halafu fungate inakwisha. Namba zinaanza kupanda, 9, 12, 15, na mama anaanza kujihoji: ni chapati ya Jumapili? Ni ile soda ya sherehe? Baba naye anamtupia jicho. Fungueni daftari muone: kama sindano zilichomwa na chupa haijapitwa na tarehe, hakuna aliyekosea jikoni. Zile seli zimeisha, na dozi inatakiwa kupanda. Pelekeni daftari hilo kliniki wiki hiyohiyo, msisubiri tarehe ya kadi.